Mstari Usiotiwa Mbolea

Watu walipotawanyika baada ya mazishi ya Mama Chebet, nilibaki jikoni kwake nikiosha vikombe vilivyokwisha kuoshwa. Chebet, binti yake, ambaye nilimwacha akiwa mtoto wa kubebwa mgongoni na sasa ana miwani ya kusomea, alisema, "Anti, mama aliniambia utafanya hivyo." Nikacheka, nikaweka kitambaa chini. Ukuta wa udongo umebomolewa na mahali pake pamejengwa matofali, lakini ile misumari ya kutundikia vibuyu imepigiliwa upya mahali palepale, na harufu ya kibuyu kilichofukizwa haijatoka. Nilisimama chini ya misumari ile, mwanamke wa miaka zaidi ya hamsini, nikajitazama vidole kama nilivyokuwa nikijitazama kila asubuhi ya mwaka ule niliokuwa mpangaji humu, katikati ya miaka ya tisini, nilipokuwa nikiamini kwamba kosa dogo la mkono wangu linaweza kuua mtu. Nimesoma mengi tangu wakati ule, na sijapata kitabu cha kuniambia kwamba niliamini uongo.

Chumba changu kilishikamana na jiko hili, na kati yetu palikuwa na ukuta wa mbao zenye nyufa za kutosha kidole. Sikuwa na redio wala sikuihitaji. Nilijua bei ya maziwa, nilijua nani amekataa kuoa, nilijua mhubiri gani amesinzia kwenye mkutano wa maombi. Chakula chetu kilikuwa ugali, managu, yaani mnavu, yaliyopikwa kwa maziwa hadi uchungu ukaisha, na mursik, yale maziwa ya kuchacha yanayokaa kwenye kibuyu kilichosuguliwa ndani kwa mkaa. Mama Chebet hakuwa na sahani ya nusu. Ukimwambia umeshiba, alikuongeza kisha akauliza, "Umeshiba kwa nani?" Nami nilitoka Chebunyo, nchi ya ng'ombe, ambako jambo hilo halina mjadala: ng'ombe akishiba hutoa maziwa, mgeni akishiba hutoa baraka. Sikujua lolote kuhusu chai, ambayo huku huchumwa mwaka mzima. Wiki ya kwanza nilimuuliza Mama Chebet chai huvunwa mwezi gani, akaenda kuwasimulia majirani, nao wakaja mmoja mmoja kunitazama.

Nilikuwa nimeajiriwa kuosha vyombo vya kioo katika maabara ya hospitali ndogo iliyokuwa ng'ambo ya mashamba, mwendo wa kupanda na kushuka kati ya michai. Fundi wa maabara alikuwa amehamia Nakuru na nafasi yake haikujazwa, kwa hiyo kazi yake ilinijia kidogo kidogo, kama maji yanavyoingia kwenye kiatu. Alikuwa ameacha darubini, makabati mawili, na kitabu kikubwa cha Kiingereza kisicho na jalada, kinachoeleza bakteria na kuvu. Nilikisoma mchana wa Jumapili nikiwa na kamusi pajani. Hakuna aliyenifundisha, na hilo ndilo lililonitia hofu kuliko yote, kwa sababu mtu aliyefundishwa anajua mpaka wa ujinga wake, lakini mimi sikuujua wangu. Nilirudi kukagua jiko la spiriti kama limezimwa, nikafika langoni, nikarudi tena. Nilichemsha chupa zilizokwisha kuchemshwa. Daktari Wekesa, mtu mpole kutoka upande wa Bungoma aliyekuwa daktari wetu wa pekee, alinikuta siku moja nikinusa maji ya kuoshea. "Chepkirui," akasema, "hayo ni maji." Nikamwambia ninahakikisha.

Ndugu mdogo wa Mama Chebet aliitwa Kipngeno. Alifanya kazi kwenye kiwanda cha chai, katika chumba ambamo majani yaliyokatwakatwa huachwa yachache, yageuke kutoka kijani hadi rangi ya shaba kabla ya kupelekwa kwenye moto. Kazi yake ilikuwa kuamua ni lini. Yakitoka mapema, chai ni mbichi na kali, yakichelewa, imekufa. Alikuja kwa dada yake karibu kila jioni, akaketi kwenye kigoda kile kile karibu na moto, mikono yake ikiwa na rangi ya kahawia hadi kwenye viwiko, na wakagombana. Walisemezana Kikipsigis, nami nimewasikia nikiwa kitandani mara nyingi kiasi kwamba nawasikia hata sasa.

"Dada, wewe unalisha chai kama mtu anapeleka ng'ombe maonyesho."

"Nalipwa kwa kilo. Ulishaona mtu analipwa kwa rangi?"

"Majani yako ni makubwa, ya kijani mpaka yanakaa meusi. Yakifika kwangu yanalala tu. Yameshiba mbolea, yanakataa kugeuka. Ya yule mzee wa kule Kimulot, hana hata gunia moja ya mbolea, yakifika yanageuka kama mtu ameitwa jina."

"Basi kaoe kwa yule mzee."

"Ana wasichana?"

"Ana michai yenye njaa. Inakufaa."

Yeye mwenyewe hakutaka mbolea ya gunia hata kwenye bustani ya mboga. Juu ya dari ya stoo ya kiwanda walikaa njiwa, na Kipngeno alikuwa akikwangua mavi yao, akayabeba kwa kiroba na kuyamwaga kwenye sukuma wiki za dada yake. Alisema hiyo ndiyo mbolea yenye adabu. Nilisikia yote hayo kama mtu anavyosikia mvua kwenye bati. Hayakunihusu.

Mvua za masika zilipokuwa zinakwisha, Kipngeno alianza kuumwa na kichwa. Mwanzoni alikifunga kitambaa na kuendelea kutania. Kisha akaacha kuja jioni, na alipokuja aliketi akiwa amegeuzia moto mgongo kwa sababu mwanga ulimuumiza. Siku aliyomuuliza dada yake mara mbili kama huyo anayesimama mlangoni ni mimi, ilhali nilikuwa mbele yake, Mama Chebet alivaa viatu, tukamshika mkono mmoja huku na mwingine kule, tukampeleka hospitalini.

Daktari Wekesa alimchoma sindano ya mgongo, akanipa, kwenye kichupa, maji aliyoyatoa kwenye uti wa mgongo. Yalikuwa meupe kama maji ya kisima. Kuna wino mweusi unaochanganywa na maji hayo. Ikiwa imo kuvu fulani ya jamii ya hamira, inayoshambulia ubongo, utaona chini ya darubini viduara, na kila kimoja kimezungukwa na mwanga kama mwezi wenye ua. Wino wetu ulikuwa wa zamani, umeganda mabonge. Niliona viduara viwili au vitatu. Mwanga niliuona, kisha sikuuona, kisha niliuona kwa sababu niliutaka. Nilimwambia daktari ukweli, kwamba sina hakika, na ni kazi ngumu kusema maneno hayo ukiwa mtu asiye na cheti.

"Pandikiza," akasema. "Tuone kama kitaota kitu. Kwa sasa nitaanza kumtibu kifua kikuu cha ubongo, kwa sababu ndicho tunachoona zaidi na dawa tunayo." Dawa ya ile kuvu haikuwapo kwetu. Iliagizwa kutoka Nairobi, na Nairobi hawakuitoa ila daktari athibitishe kwa sahihi yake kwamba ugonjwa ndio huo. Bila dawa hiyo, mtu mwenye kuvu ile ubongoni hafiki mbali. Daktari hakunificha hilo, wala mimi sikumficha Mama Chebet. Aliniuliza jioni ile jikoni, akiwa anakoroga ugali, "Kwa hivyo inangoja wewe?" Nikasema inangoja kitu kiote. Akasema, "Na nani anakiotesha?" Kisha akaniongezea chakula.

Kiliota. Juu ya chakula cha vidudu, yaani ule mchuzi mzito unaogandishwa kwenye sahani za kioo, vilitokea vidoa vya rangi ya maziwa, vinono, vinang'aa. Nilikimbia kumwita daktari. Aliinua sahani kwenye mwanga.

"Hii ni hamira. Lakini hamira ziko nyingi. Wewe unakunywa mursik?"

"Kila mtu anakunywa mursik, daktari."

"Ndiyo shida yangu. Kwenye mursik kuna hamira. Iko kwa mikono yetu, kwa nguo, pengine kwa koti langu, maana mke wangu ameshajifunza kutengeneza mursik. Nikiandika Nairobi kwamba huyu mtu ana kuvu kwa ubongo, halafu iwe ni maziwa ya mama mwenye nyumba wako, nimemnyang'anya dawa ya kifua kikuu bure." Akanirudishia sahani. "Kama unasema si hiyo, weka mursik kando yake. Sahani moja. Nionyeshe tofauti."

Alikuwa na haki, na hilo ndilo lililoniumiza. Usiku nilinusa vidole vyangu. Nilikumbuka kila asubuhi niliyomsaidia Mama Chebet kumimina maziwa kwenye vibuyu, kila tone lililonirukia. Niliacha kunywa mursik, na kwa nyumba ile hilo ni sawa na kugoma. Mama Chebet aliweka kikombe mbele yangu, akakitoa. Nililowanisha mikono kwa dawa ya kuoshea sakafu hadi ngozi ikapasuka. Ndani ya kichwa changu kesi ilikuwa imekwisha kuamuliwa: hamira ile ilitoka kwangu, na Kipngeno alikuwa anakufa kwa ugonjwa mwingine huku mimi nikipoteza muda wa kila mtu.

Lakini kitabu kisicho na jalada kilikuwa na ukurasa juu ya jambo hilo. Kilisema kuna mbegu za mafuta ambazo ukizisaga na kuzichemsha, na kugandisha maji yake kwenye sahani, ile kuvu mbaya ikiota juu yake hugeuka kahawia, na hamira nyingine hubaki nyeupe. Mbegu waliyoitaja sikuijua, ila kwa herufi ndogo chini waliandika kwamba alizeti nayo hufaa. Alizeti niliijua. Mama Chebet alikuwa nayo kwa ajili ya kuku. Nilisaga, nikachemsha, nikachuja kwa kitambaa cha leso. Nilipoyaona yale maji, nikayahurumia. Yalikuwa membamba, ya kijivu, kama maji ya kuoshea sufuria. Niliwaza: vidudu hivi vimetoka kwenye ubongo wa mtu, vikikuta chakula hiki vitakufa, na vikifa sina tena cha kuonyesha. Kwa hiyo nikaongeza unga wa nyama uliokuwa kabatini, ule tunaokuzia bakteria, kijiko baada ya kijiko, mpaka yale maji yakanukia supu. Nilifanya alivyofanya Mama Chebet kwangu. Nilifanya kama mtu wa Chebunyo.

Upande mmoja wa sahani nilipaka hamira ya Kipngeno, upande wa pili mursik. Ziliota zote, kwa afya, kwa uzuri, na zote zilikuwa nyeupe. Siku baada ya siku nilizitazama, nikazipeleka dirishani, nikazirudisha. Huwezi kuzitofautisha. Daktari Wekesa alipita, akaona, akaniwekea mkono begani. "Umejaribu," akasema. Kule wodini Kipngeno alikuwa ameanza kukosea majina, na wanawake waliokuja kuwaona wagonjwa wao walikuwa wakinong'ona kuhusu ule ugonjwa ambao miaka ile haukutajwa kwa jina. Alipimwa, hakuwa nao. Walinong'ona hata hivyo.

Jumamosi iliyofuata nilirudi kutoka hospitalini kupitia shambani. Mbolea ya msimu ilikuwa imefika, na Mama Chebet alikuwa kwenye michai, beseni kiunoni, akirusha chembe chini ya kila kichaka. Alikuwa analia huku anarusha, bila sauti, bila kusimama, kwa sababu mbolea ikifika lazima itiwe kabla mvua haijakatika. Nilimfuata mstari kwa mstari. Alipofika mstari wa mwisho kando ya ua, akasimama, akatazama beseni.

"Angekuwa hapa angenitukana," akasema. "Angeniambia yameshiba, yanakataa kugeuka."

Nilimwomba ayarudie maneno hayo. Alinitazama kama mtu anavyomtazama mlevi, akayarudia. Nikaacha kikapu changu pale pale kwenye njia, nikarudi hospitalini nikikimbia, viatu vimejaa matope.

Sasa naweza kulieleza kwa utulivu. Kuvu ile, kama chai, hutaka naitrojeni. Bila hiyo hakuna kiumbe kinachojijenga. Ipo kwenye mbolea ya gunia, ipo kwenye nyama, ipo kwenye mavi ya njiwa, ambamo kuvu hii hupenda kuishi, na labda ndimo Kipngeno alimoivutia puani, ingawa hilo sitalijua kamwe. Ikipewa naitrojeni rahisi, nyingi, hunenepa na kukaa kimya. Ikinyimwa, huanza kuhangaika: hutoa vimeng'enya vya kuvunja vitu vigumu, hubadilisha koti lake, hujipaka ile rangi ya kahawia inayoikinga. Silaha zake nyingi ni vyombo vya njaa. Miaka mingi baadaye nilisoma makala za watu waliotumia maisha yao kufuatilia jambo hilo hadi kwenye chembe za urithi, na nilizisoma nikiwa nimeketi wima kama mtu aliyeko kanisani. Lakini Jumamosi ile sikujua hata moja ya hayo. Nilijua tu kwamba nilikuwa nimemshibisha mtu niliyetaka azungumze.

Nilitengeneza sahani mpya kwa maji ya alizeti peke yake, yale membamba, ya kijivu. Mkono wangu uliuendea unga wa nyama mara mbili. Mara ya pili nilifunga kabati na kuuweka ufunguo nje, juu ya kizingiti cha dirisha, ili nikiutaka nitoke mlangoni na kupata aibu. Upande mmoja Kipngeno, upande wa pili mursik.

Mursik iliota nyeupe, dhaifu kidogo, ikabaki hivyo. Ya Kipngeno iliota polepole sana, nikaamini nimeiua. Kisha asubuhi moja katikati ya vidoa vyake palikuwa na kivuli. Jioni kivuli kilikuwa rangi. Daktari Wekesa alishika sahani dirishani, akaigeuza, akanigeukia. Alitoa kalamu mfukoni, akaketi kwenye kigoda changu, akaandika Nairobi akiwa pale pale.

Nilimpelekea Kipngeno sahani ile wodini, imefungwa kwa plasta pande zote. Mama Chebet alikuwa kando ya kitanda. Siku ile kichwa cha Kipngeno kilikuwa kimetulia na majina yalikuwa yamerudi, lakini macho yake yalikuwa yanatazama juu kidogo ya mahali nilipo.

"Nani?"

"Ni yule wa kuosha chupa," dada yake akasema. "Amekuja na ugonjwa wako kwa sahani."

"Umegeuka?"

"Umegeuka," nikasema. "Kahawia."

"Kahawia ziko mingi. Ni ya ndururu mpya ama ndururu ya zamani?"

Hivyo ndivyo walivyopima kiwandani, kwa ile sarafu ya shaba ya senti tano: mpya ikiwa majani yameiva, ya zamani yakiwa yamepita. Nilitazama kwa makini, maana sikutaka kumdanganya. "Mpya," nikasema. "Lakini inaanza kuzeeka pembeni."

Alifumba macho. "Basi imefika. Ikifika hapo hakuna kungoja. Toeni."

Dawa ilikuja. Aliinywa kwa miezi, akatapika, akakonda, akasimama. Uhai ulirudi, macho hayakurudi. Mgandamizo wa maji ya ubongo, unaoua mishipa ya macho, ulikuwa umekaa kichwani muda mrefu mno. Mwisho wa mwaka nilikwenda chuo, kwa barua ya Daktari Wekesa, nikiwa na kitabu kisicho na jalada ndani ya sanduku. Watu wakisikia kisa hiki hupenda kuniambia kwamba njaa ndiyo iliyonifunza mimi pia. Sipendi usemi huo. Nilichipua nikiwa nimelishwa na Mama Chebet kila jioni, na hofu yangu haikunifaa kitu ila kunichelewesha. Kama ningeyapeleka maneno yaliyopita ukutani kwangu kule maabarani mapema, badala ya kunusa vidole, huenda Kipngeno angekuwa anaona. Nalisema hilo bila machozi. Nimemwambia mara nyingi kwa simu, naye hujibu kwamba hata yeye aliyasema maneno hayo na hakuyasikia.

Siku ile ya mazishi, Chebet aliponinyang'anya vikombe, nilitoka nje. Michai ya Mama Chebet bado ni minene, ya kijani inayokaribia weusi. Lakini kando ya ua kuna mstari mmoja mfupi, mwembamba, wenye majani madogo ya rangi ya ndimu. Nilidhani una ugonjwa. "Huo ni wa mjomba," Chebet akasema nyuma yangu. "Mama hakuutia mbolea tangu nikiwa mdogo. Tukiuliza anasema hiyo mistari mingine ni ya kilo."

Kipngeno alikuwa ameketi kwenye mwanga wa jua la alasiri, fimbo ukutani, uteo wa kupepetea mapajani. Ndani ya uteo mlikuwa na majani ya mstari ule, ameyasugua kwa viganja vyake na kuyafunika kwa jani la mgomba, kama afanyavyo kila wiki kwa ajili ya chai ya nyumbani. Alinijua kwa hatua zangu.

"Mpangaji," akasema. "Kaa hapa. Pua yangu iko sawa, lakini nimezoea kuambiwa. Ni dada alikuwa ananiambia." Akafunua jani. "Rangi gani?"

Nilipiga magoti mbele ya uteo. Niliogopa kukosea, kwa jambo dogo kama hilo, kwa kikombe cha chai. Pembeni palikuwa pamegeuka, katikati palikuwa na kijani bado.

"Ngoja," nikasema.

Tukangoja. Jikoni mtu alichochea moto. Nilitazama kijani kikififia, kikajificha, kikaisha, na rangi ikakaa uteo mzima, ya ndururu iliyotoka leo.

"Sasa," nikasema, naye akasimama, akaubeba uteo kuelekea kwenye moto.